Mlima Nyuma ya Jiko

Sina subira na watu wanaojisifu, na Mwalimu Jamaludin alianza kujisifu hata kabla hajakaa vizuri mkekani. Alikuwa amevuka bahari kutoka Johor, Malaysia, pamoja na nduguze kuja kumposea mwanawe Hafizi mpwa wangu Suraya, hapa kwetu kisiwani Penyengat, upande wa Indonesia. Waliweka kijaluba cha shaba chenye tambuu mbele ya mama yangu, Bibi Zaleha. Mama akikifungua na kutafuna, posa imekubaliwa. Asipokifungua, wageni hunywa chai, hushukuru na kurudi kwao. Suraya alikuwa jikoni ametega sikio, na miaka mitatu ya kumngoja Hafizi ilikuwa mle ndani ya kijaluba.

Mama alikwisha kunyoosha mkono. Ndipo Mwalimu, kwa nia ya kutusifu, akasema anafurahi kuona Waindonesia wanavyokitunza Kimalai walichokiazima kwa Wamalaysia. Mtoto kalelewa na jirani, akasema, lakini kalelewa vizuri.

Mama akaurudisha mkono.

Nilichemka. Nikamwambia kwamba Waingereza na Waholanzi walipogawana bahari yetu mwaka 1824, Johor yao na Riau yetu zilikuwa chini ya kiti kimoja cha enzi, na lugha ilikuwa moja. Nikamwambia kwamba hapa kisiwani ndipo wazee wetu walipokaa wakaiandikia lugha hiyo sarufi na kamusi. Naye hakuwa mjinga, akanikumbusha Melaka na wafalme wake. Nikamrudisha nyuma zaidi, kwenye mawe ya Sumatra yaliyochongwa Kimalai miaka elfu moja na mia tatu iliyopita.

"Dada Rosmini," akasema, "kwa ukali huu mwanangu ataoa au atashtakiwa?"

Wageni wakacheka. Mama hakucheka.

Lakini nikiri jambo. Tulipofika kwa wale vijana wa 1928, waliokutana Batavia, Jakarta ya leo, wakaiacha lugha ya Kijava yenye watu wengi kuliko zote, wakachagua Kimalai cha bandarini na sokoni kiwe lugha ya taifa ili pasiwe na mkubwa wala mdogo, Mwalimu alilengwalengwa na machozi. Alikuwa amekifundisha Kimalai miaka thelathini. Alisema hajui lugha nyingine iliyofika visiwa vingi hivyo bila jeshi, kwa salamu na biashara tu. Nilimpenda pale pale, nikakasirika kwamba nimempenda. Kijaluba kilikuwa bado kimefungwa.

Mama akakohoa. Kwetu posa haijibiwi bila pantun, shairi la mistari minne: mwenye nyumba huanza, mgeni humalizia. Akaimba polepole:

"Bukit Kursi kileleni,
mpera umechanua..."

Nilijua mtu wa Johor hawezi kulimaliza. Ni la kubembelezea watoto wa hapa. Nikaona mama ameamua kuwarudisha kwao kwa heshima, na roho ikaniuma kwa ajili ya Suraya.

Mwalimu akaitikia bila hata kufikiri, macho chini:

"Aendaye ugenini,
njia ya kwao hujua."

Mama akamuuliza kalitoa wapi.

"Bibi yangu alinibembelezea nalo. Alikuja Johor akiwa mtoto, wakati Waholanzi walipomwondoa sultani wenu. Kwao hakupataja kamwe. Huo mlima, mama, nilidhani ni wa kutungwa tu."

"Inuka, mwanangu. Kachungulie dirisha la jikoni."

Kwa desturi Suraya alipaswa kujificha, ila hakuwahi. Akampisha tu, wakasimama wawili dirishani. Nyuma ya jiko letu, juu ya kamba ya nguo, Bukit Kursi ilikuwa pale pale ilipo siku zote. Mwalimu aliitazama hadi chai yake ikapoa mkekani.

"Kumbe mwazimaji ni mimi," akasema.

Suraya alikuwa ameshageuka. Alikuwa amesikia kabla yetu sote mfuniko wa shaba ukifunguliwa sebuleni.