Mistari ya Chini ya Meza

Msanii wa rap Wembe alipewa jina hilo kwa sababu mistari yake ilikata. Lakini wimbo wake mpya ulimtoa jasho wiki tatu nzima. Ulimhusu dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka minne, dada akiwa na miaka kumi na saba. Aliuandika kwa sauti ya dada mwenyewe: kila "mimi" ndani yake ni dada anayesema.

Siku moja kabla ya kurekodi alikwenda dukani kwa dada, akamghania huku dada akipinda suruali ya mteja. Dada hakuinua macho mpaka mwisho.

"Huyo anayelialia ni nani?"

"Wewe, dada."

"Mimi sikulia. Nilikasirika. Wenzangu wako shuleni, mimi nakuosha makalio." Akakata uzi kwa meno. "Siku moja nilijifungia chooni nikala mkate peke yangu, nawe unagonga mlango. Hilo limo?"

Wembe akafunga daftari lake. "Sikujua."

"Ungejuaje, na ulikuwa mtoto? Basi usinisemee, mdogo wangu. Mdomo ninao. Wewe uliona nini?"

Wembe akafikiri. Aliona miguu ya dada. Kutwa alikaa chini ya meza ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa, na dunia yake ilikuwa nyayo mbili zikikanyaga pedali. Zikikanyaga, alisinzia. Zikitulia, alishtuka na kuzikumbatia.

"Nilidhani zikisimama utaondoka," alisema.

Dada akaweka mkasi chini.

"Mimi nami sikulijua hilo. Nilidhani unanichezea tu. Kuna siku nilikupiga teke."

"Nakumbuka."

"Basi litie hilo teke. La mkate niachie mwenyewe."

Wembe alianza upya pale pale, daftari gotini, safari hii "mimi" akiwa mtoto wa miaka minne. Studioni, fundi wa sauti alimshauri aondoe teke, eti linamchafua dada wa watu. Alikataa.

Wimbo ulipokuwa tayari, alimpelekea dada dukani, ukiwa kwenye simu yake. Dada aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamwambia aurudie tangu mwanzo, maana kelele za barabarani zilikuwa zimemeza maneno. Wakausikiliza mara nne, wameketi benchi moja, bega kwa bega, wateja wakisubiri.