Sema, Naitoi

Tangu asubuhi Edna hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya chai ya rangi. Gari walilokodi liliwashusha Handeni mjini mchana, wasichana wakaanza kujinyoosha pembeni ya uwanja wa saruji, naye akawa anazungukazunguka bila kazi, mara akague viatu vya huyu, mara amuulize yule swali alilokwisha kumuuliza. Alikuwa kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Masuguru, Korogwe, na siku hiyo alikusudia kufanya jambo ambalo watu wengi walimwambia asilifanye.

Timu yake ilijua kufunga. Kilichoiua ni ulinzi. Mpinzani akishika mpira tu, alipita katikati kama anaingia kwao. Mechi ya kwanza na hawahawa Handeni, iliyochezwa Korogwe, walifungwa pointi themanini na tatu, na Mzee Habakuki, mwenyekiti wa timu, aliinuka akaenda zake kabla mchezo haujaisha. Kesho yake alimwita Edna.

"Mwalimu, tutafute wachezaji waliokomaa kutoka Tanga. Hawa ulionao wamechoka. Na hao watoto wako wa mazoezini watatutia aibu."

"Nipe mechi moja nao, mzee. Moja tu."

"Haya. Wakivurunda, usije ukaninunia."

Watoto wenyewe walikuwa wawili, Loveness na Naitoi, wote wametoka kumaliza kidato cha nne. Loveness alikuwa mwepesi, mwenye maneno mengi, na hakumpa Edna wasiwasi sana. Wasiwasi ulikuwa kwa Naitoi. Msichana huyo alizaliwa Misima, kwa wafugaji, na sasa aliishi Masuguru kwa shangazi yake. Alikuwa mrefu, hachoki, na aliiona pasi kabla haijatoka mkononi mwa mtu. Edna alitaka asimame katikati, chini ya goli, aongoze ulinzi wote. Lakini ili amwingize yeye ilikuwa lazima amtoe mtu, na mtu huyo alikuwa Rhoda, kapteni wa timu, mke wa kaka yake.

Alimfuata Alhamisi gengeni kwake akamweleza. Rhoda hakuacha kupanga nyanya.

"Goti lako, wifi," Edna alisema. "Wanakupita. Si kosa lako."

"Sawa, wifi."

Basi. Hakugomba, hakuuliza. Hiyo "sawa" ndiyo iliyomkosesha Edna raha mpaka wanaingia Handeni, kwa maana Rhoda aliyemjua yeye alikuwa mtu wa kusema lake.

Mwamuzi alipokuwa anawaita wachezaji, mwanamke mmoja mwenye shuka jekundu na shanga nyingi shingoni alifika akasimama nyuma ya mstari. Alikuwa Simaloi, mama yake Naitoi, ametoka Misima kuja kumwona mwanawe akicheza kwa mara ya kwanza. Naitoi alimwona, akainamisha kichwa, akarekebisha jezi ambayo haikuwa na tatizo.

Mchezo ulianza vibaya. Naitoi alikaba wa kwake vizuri, hilo halina ubishi, lakini alikaba kimya. Mtu anayesimama katikati ndiye anayewaona wote. Wenzake wamewapa wapinzani uso, hawajui nani anawazunguka kwa nyuma. Asiposema yeye, wengine wamefungwa macho. Handeni waliligundua hilo mapema. Msichana wao mmoja alipenya nyuma ya mgongo wa Justa, mchezaji wa siku nyingi, akafunga bila kuguswa. Akarudia. Akarudia tena.

"Sema, Naitoi!" Edna alipaza sauti. "Mwambie Justa!"

Naitoi alifungua mdomo, akaufunga. Kando ya uwanja watu walicheka. Rhoda alikaa benchini, taulo begani.

Mpaka mapumziko ubao ulisoma thelathini na nne kwa ishirini, Handeni wakiongoza. Wasichana walikaa chini kwenye kivuli cha ukuta wakinywa maji, na Edna alichuchumaa mbele ya Naitoi. Alitamani kumfokea. Alipoona binti amekumbatia chupa bila kuifungua, hasira ikamwisha, hofu ikabaki palepale.

"Unawaona wanavyopita?"

"Nawaona, Mwalimu."

"Sasa kwa nini husemi?"

Naitoi alitazama upande alikosimama mama yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada Justa ana watoto. Nitamwambiaje mtu mzima 'rudi, shika huyo', kama namfukuza? Na mama ananisikia."

Siku zote za mazoezi alidhani binti ni mpole tu, au anaona haya kwa Kiswahili chake. Hili halikumpitia akilini. Atamfundishaje mtoto, kwa dakika chache za mapumziko, kuacha alivyolelewa?

Aliyejibu ni Rhoda. Alikuwa amesimama nyuma yao, taulo ameliweka chini.

"Wifi, niingize. Siyo nafasi ya huyu. Nafasi ya Justa, apumzike." Kisha akamgeukia binti. "Wewe, mimi ndiye mkubwa kuliko wote humu. Anza na mimi. Ukiona natakiwa kwenda kulia, sema 'Rhoda, kulia.' Hakuna dada humo ndani, mpaka umalize kusema 'dada' mpira umeshaingia."

"Siwezi."

"Utaweza. Nikiudhika nitakuambia nje."

Edna alisita. Goti lile! Lakini alimwangalia Rhoda usoni, akampa ishara mwamuzi.

Mara ya kwanza Naitoi aliita kwa sauti ya kuomba radhi. "Rhoda... kushoto." Rhoda alikwenda kushoto, akaufikia mpira, akaupiga nje. Mara ya pili sauti ilipanda kidogo. Katikati ya robo ya tatu ilisikika mpaka barabarani: "Rhoda, kulia! Loveness, mbele, mbele! Nyuma yako!" Njia ya katikati ikafungika. Wasichana wa Handeni walifika pale wakakuta watu, wakarudisha mpira nje, wakarusha kwa mbali, wakakosa. Rhoda hakuwa na mbio, lakini hakuhitaji mbio tena. Aliambiwa mapema, alifika mapema. Simaloi alikuwa amefunika mdomo kwa shuka, na Edna hakuweza kujua kama anacheka au anashangaa.

Zikabaki sekunde chache, Masuguru wanaongoza hamsini kwa arobaini na tisa, mpira wanao Handeni. Edna alishindwa kusimama, alishindwa kukaa. Mchezaji wao mrefu aligeuka kuelekea goli.

"Rhoda, mwache huyo! Njoo kati!"

Rhoda alimwacha wake, akaja. Mrefu yule hakurusha. Alitoa pasi pembeni, kwa yuleyule aliyeachwa, naye akafunga. Hamsini na moja kwa hamsini. Filimbi.

Naitoi aliketi pale pale kwenye saruji akajifunika uso. Edna alikimbilia huko, ila Rhoda alitangulia, akichechemea, akamvuta binti mkono akamsimamisha.

"Mimi ndiye niliyechelewa kumrudia wangu," alisema kwa sauti ya kutosha kumfikia Simaloi. "Usilie kosa langu."

Hakuchelewa. Edna aliona, na wenzake waliona. Hakuna aliyetia neno.

Jioni Mzee Habakuki alipiga simu. "Mmefungwa ngapi?"

"Hamsini na moja, mzee. Sisi hamsini."

"Kipindi cha pili walitufunga ngapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba!" Akakohoa. "Haya. Mambo ya Tanga tuyaache kwanza."

Edna alishukuru, lakini moyo haukutulia. Naitoi hakurudi nao Korogwe; aliondoka na mama yake kwenda Misima, bila kuaga. Jumatatu mazoezi yalianza hayupo. Edna aliangalia njia mpaka Loveness akamwambia, "Kocha, utaumia shingo."

Rhoda naye hakuwepo. Wasichana walikuwa wamekwisha kuvaa viatu alipotokea upande wa nyumba za Masuguru, goti limefungwa bandeji, na kando yake Naitoi, mkoba mgongoni, bado ana vumbi la safari. Rhoda alikuwa amekwenda kumsubiri kwa shangazi yake tangu mchana, asije akaingia ndani akajifungia.

"Tumechelewa, wifi," alisema. "Wewe utupange tu unavyotaka."