Maji ya Mheshimiwa

Asubuhi ile Koki alikuwa amechutama kwenye bomba la mtaa akikaza nati iliyokuwa ikivuja, na foleni ya ndoo nyuma yake ilikuwa ndefu kuliko ile ya kupigia kura. Redio ya kinyozi ilirudia tangazo lile lile tangu alfajiri: Mheshimiwa amepita tena. Kipindi cha sita! Koki alikuwa bado kwenye kaptura ya shule mtu huyo alipoingia bungeni mara ya kwanza. Leo Koki ana mvi ndevuni, na mwenzake yumo tu.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," alisema Bi Pazia, mshona mapazia wa pale kona, akitua ndoo. "Mimi mwaka huu nilishaapa simpi kura. Lakini uliponihakikishia kwamba maji ni ya kweli, nikasema basi, fundi wetu hawezi kutudanganya."

Koki hakuinua uso. "Chota, mama. Wenzio wanangoja."

Jamani, tuseme ukweli mapema. Maji yale hayakutoka kwenye bomba kuu. Yalitoka kwenye tangi jeusi lililofichwa nyuma ya ukuta wa ghala bovu, huko juu mlimani, na lori ndilo lililokuwa likilijaza watu wakiwa wamelala. Koki ndiye aliyelaza bomba kutoka tangini hadi mtaani, na tawi lake hadi zahanati. Mpambe wa Mheshimiwa, yule ambaye mtaa mzima humwita Ndiyo Mzee, alimpiga begani akamwambia, "Hii ya muda tu, fundi. Uchaguzi ukiisha tunaunganisha bomba kuu, na wewe unaingia idara ya maji. Ajira ya kudumu." Koki akaamini. Au alitaka kuamini. Mtu aliyeishi kwa vibarua tangu ujana hamkagui sana anayemwahidi ajira. Kila aliyemuuliza, Koki alimjibu kwamba maji ni ya kweli, kwani bomba kalilaza kwa mikono yake.

Simu ikalia. Ndiyo Mzee huyo.

"Fundi! Ushindi mtamu, au sio? Sasa sikia. Funga la mtaa, funga na la zahanati, halafu upande ghalani ukalifungulie lori valvu ya chini. Linakuja kunyonya."

"Kunyonya? Si huwa linajaza?"

"Kujaza nini tena, bwana, na kura zimeshahesabiwa? Mheshimiwa anakuja kushukuru wananchi leo, na uwanja ni vumbi tupu. Lazima umwagiwe maji. Unataka akohoe mbele ya wageni?"

"Na bomba kuu?"

"Bajeti, fundi. Usinichoshe. Ajira yako iko mezani, usije ukaipiga teke mwenyewe."

Koki alibeba sanduku lake la spana akaondoka bila kuaga. Zahanati ilikuwa njiani, na mlangoni alikuwa amesimama dada yake mkubwa, mkunga, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu. Maji mbona yanadondoka tu? Nina mzazi humu tangu jana, mtoto kakaa vibaya."

"Dada, nimeambiwa nifunge."

"Ufunge nini?"

Akamweleza yote, ya tangi na ya lori, akiwa anaangalia viatu vyake. Ndani, mwanamke akalia, kilio kirefu, kisha kimya.

"Unamkumbuka mke wa kinyozi?" dada yake akauliza.

Angemsahau vipi? Alijifungua salama mwaka wa kiangazi, siku ambayo zahanati ilikuwa na ndoo moja ya maji kwa wazazi wote. Homa ikamshika. Wiki haikuisha.

"Sikufundishi kazi," dada akasema. "Lakini ukifunga, rudi hapa umwambie mwenyewe huyo aliyelala ndani. Mimi sina mdomo huo." Akaingia.

Koki akazunguka nyuma ya zahanati. Palikuwa na birika la saruji la kukingia mvua, kavu, lina majani chini. Aliyazoa haraka haraka, akasafisha kwa fagio la wahudumu, akauelekeza mpira wa bomba ndani yake. Kisha akapanda ule mlima mbio, spana zikigongana sandukuni.

Alipofika tangini alilifunga bomba la mtaa. Roho ilimuuma, maana aliiona foleni kule chini, na Bi Pazia na ndoo yake. Lakini maji yaliyobaki yasingetosha kotekote. La zahanati akalifungua hadi mwisho. Halafu akaishika nati ya kifuniko cha valvu ya chini, ile ambayo lori lingefungia mpira wake, akaitilia spana kubwa kuliko saizi yake na kuizungusha kwa nguvu. Kila fundi anajua hilo ni kosa. Nati inalika pembe, inakuwa duara, haishikiki tena. Siku zote alikuwa akiwakemea vijana kwa kosa hilo.

Lori lilisikika likiguna kupanda mlima. Bomba la zahanati lilikuwa jembamba, na maji hayana haraka ya mtu.

"Fungua, fungua!" Ndiyo Mzee akaruka chini, suti mpya, simu mbili mkononi. "Ngoma inaanza!"

"Nati imekufa, mkuu."

"Imekufaje?"

"Kutu."

Dereva alijaribu na spana yake, ikateleza, akachubuka vidole, akatukana. Akatazama juu, mdomo wa tangi ulibanwa na mabati ya paa, mpira mnene wa kunyonyea haupiti. Wakatafuta msumeno. Dereva akakata, jasho likimtoka, Ndiyo Mzee akipiga kelele simuni, "Ndiyo mzee, tunakuja mzee!" Koki alisimama pembeni, mkono wake mmoja juu ya bomba, akiusikia ubaridi wa maji yakipita chini ya kiganja.

Kifuniko kilipokatika, lilitoka tope.

Ndiyo Mzee alitazama tope, akatazama bomba, akamtazama Koki. Hakuwa mjinga. "Kibarua chako kimeota nyasi," akasema polepole. "Na si hapa tu. Hutakamata spana popote mimi nikiwa hai." Wakaondoka na lori tupu.

Simu ikalia tena. Dada yake. "Wa kike," akasema, akihema. "Mama yake mzima. Birika limevuka nusu." Akakata.

Koki hakupata hata muda wa kufurahi. Watu wa mtaani walikuwa wanapanda mlima na ndoo zao, Bi Pazia mbele.

"Koki, yamekatika. Yatarudi lini?"

Jibu la mafundi lilikuwa tayari ulimini: presha imeshuka, vumilieni hadi kesho. Akalimeza.

"Hayakuwahi kuja, mama."

Akawapeleka nyuma ya ukuta. Bi Pazia akalipiga tangi kwa kiganja, likalia utupu. Akalipiga tena.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniangalia usoni ukaniambia ya kweli."

"Ndiyo, mama."

Kutoka uwanjani vipaza sauti vikakohoa, na mwenye sauti naye akakohoa, kisha ikaja ile sauti ambayo wote waliijua kwa vipindi sita: "Ndugu wananchi, maji oyee!"

"Oyee!" uwanja ukaitikia.

Bi Pazia akageukia barabara. "Akitoka huko anapita wapi?"

"Njia ni hii hii," kinyozi akamjibu.

Yule mama akashuka hadi katikati ya barabara, akaigeuza ndoo yake kifudifudi, akaikalia. Kinyozi akageuza yake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, hadi njia ikajaa. Koki hakuwa na ndoo. Alikalia sanduku lake la spana huko pembeni, kwa kuwa hakuna aliyesogea kumpa nafasi.