Kontena la Ghorofa ya Saba

Mtu tusiyemjua aliingia ofisini akichechemea, bila hodi, akatoa mguu kikapuni na kuulaza juu ya meza ya mjomba, karibu na kikombe chake cha chai. Ulikuwa mguu wa bandia, wenye unyayo na muundi uliochongwa vizuri. Mahali pa goti palikuwa wazi, ungeweza kupitisha ngumi.

"Magoti yangu yalikaa bandarini mpaka wagonjwa wakanichoka," alisema. "Nimekuja kumwona aliyeandika kwamba yalipakiwa ghorofani."

Hapo ndipo tulipomtambua. Alikuwa fundi wa miguu ya bandia, mteja tuliyemjua kwa sauti ya simu tu, na mjomba wangu ndiye wakala anayemtolea mizigo forodhani. Mjomba hakusimama. Mjomba hasimami kwa mteja wa kontena moja. Aliusukuma mguu kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa, akasema, "Mzee, zile ni karatasi tu. Hakuna anayezisoma."

"Waliofungua kontena langu walizisoma."

Sheria yenyewe hata mtoto angeielewa. Kabla mzigo haujapandishwa melini kule unakotoka, forodha ya huku hutaka kuambiwa, kwa karatasi iitwayo tamko, nani kautengeneza, nani kauuza, nani anaupokea, kontena lilipakiwa wapi na kwa mkono wa nani. Wakiyajua hayo mapema, wanajua la kushuku na la kuacha lipite. Mimi, karani wa mjomba, niliposoma jambo hilo chuoni nililiona zuri, kama jirani anayeuliza nani yuko mlangoni kabla ya kufungua. Mjomba aliliona kero. Alikuwa na njia yake aliyoiita kurithi: unafungua tamko la zamani la muuzaji yuleyule, unabadilisha jina la meli, unatuma, unarudi kwenye chai. Mahali pa kupakia aliandika anwani yoyote aliyoikuta kwenye ankara. Na anwani ya muuzaji wa magoti ni ofisi ya ghorofa ya saba, kati ya daktari wa meno na chuo cha ususi. Kontena la futi arobaini, ghorofa ya saba! Forodha wakaona hapa ama pana waongo ama pana wachawi, wakalifungua na kutoa kila sanduku.

Sasa kontena la pili lilikuwa likisubiri meli. Fundi alieleza, akiniangalia mimi kwa kuwa mjomba alikuwa ameanza kuchezea simu, kwamba ndani yake mlikuwa na goti la mwalimu wa darasa la kwanza. Mwalimu huyo alikuwa anatembea kwa magongo, na mkuu wa shule alikuwa amemwambia shule zikifunguliwa asimame mbele ya watoto au darasa lipewe mwingine. Magoti yakizuiwa tena, darasa limekwenda.

"Watu wako wavumilie," mjomba alisema bila kuinua macho. "Mambo madogo haya."

"Mdharau mwiba mguu huota tende, bwana," fundi alimjibu. "Na mguu ukishaota tende, huletwa kwangu."

Mjomba alitoka kupokea simu ya mteja mkubwa, wa wale ambao kwao husimama. Fundi aliurudisha mguu kikapuni, akaniomba kitu kimoja: nisitume tamko la kontena hili mpaka nijue mahali pa kweli lilipopakiwa, na nikishatuma nimpigie mwenyewe nimtajie. Nilimwahidi.

"Nitaingoja simu yako, mwanangu," alisema.

Alipoondoka, mjomba alirudi na kuchechemea kutoka mlangoni hadi kitini, akimwigiza fundi. Mhasibu wetu alicheka kwa sababu ni kazi yake. Kisha nikaambiwa, "Haya, msomi. Rithi, tuma."

Sikurithi. Nilimwandikia muuzaji, naye akanijibu kama mtu anayefukuza nzi: tumia anwani ya ankara. Nikamuuliza tena. Akanipa namba ya wafungashaji wake, na karani wa huko akaniambia kontena lilipakiwa kwenye ghala lao nje ya mji, kando ya reli. Nilimwomba aniandikie jina la ghala na la aliyelipakia, nisije nikabuni nami. Akasema ningoje amalize kula.

Mjomba alisimama nyuma ya kiti changu. "Bado?"

"Nasubiri jina la ghala."

"Unasubiri jina la ghala. Na meli inakusubiri wewe?"

Nilimwambia muda wa kutuma ulikuwa haujapita. Ndipo akainama, akashusha sauti ili mhasibu asisikie. "Ukiandika ghala leo, watauliza kwa nini safari ile tuliandika ghorofa. Kisha watafukua za wateja wengine. Wote nimewarithisha, unanielewa? Wote."

Sikuwahi kumsikia mjomba akiogopa. Ningeweza kumhurumia kama katika hofu ile yote kungekuwa na nafasi, hata ya kidole, ya yule mwalimu. Haikuwepo. Miaka yote ile ya kujipiga kifua mezani kwetu, eti bila yeye bandari ingelala, kumbe alikuwa ananakili.

"Mama yako alinibembeleza nikupe kiti hiki," alisema. "Tuma hilo lako, kiti nakichukua. Na dada yangu nitamweleza mwenyewe."

Alijua pa kupiga. Mama hamalizi sentensi mbili bila kumtaja kaka yake.

Ujumbe wa karani ukaingia. Niliandika jina la ghala, barabara yake, na jina la aliyelipakia kontena. Nilisoma mara ya pili, nikatuma. Mjomba alinyoosha kiganja, nikaweka funguo za ofisi juu yake. Mhasibu aligundua ghafla kwamba kalamu yake ina kasoro.

Nilikuwa bado kwenye ngazi simu yangu ilipoanza kuita. Mama. Mjomba, ambaye hajawahi kuwahi jambo, safari hii aliwahi. Niliiacha iite mpaka ikakatika, nikampigia fundi.

"Imetumwa, mzee. Ni ghala, kando ya reli."

Akasema ngoja atafute kalamu. Nikamsikia akipekua, akiuliza mtu, akirudi. Aliniomba nimtajie polepole, jina la ghala na barabara. Nilimtajia polepole, neno kwa neno, huku simu ya mama ikigonga tena sikioni mwangu.