Lozi la Bibi Aune

"Sikieni, nyote mlio chini ya paa hili, wenye damu ya Kifini, wenye damu ya Kiayalandi, na sisi tuliochanganywa bila kuulizwa: amani ya Krismasi imetangazwa. Atakayeivunja kwa ugomvi, kwa wizi au kwa tabia mbaya, ataosha vyombo vyote hadi tarehe sita Januari, bila kusaidiwa wala kuhurumiwa."

Ndivyo alivyotangaza Eero Tuohy, mwenye umri wa miaka kumi na tano, saa sita kamili mchana kwa saa za Turku, yaani saa nne asubuhi hapo kwao Galway, Ayalandi. Alikuwa amesimama juu ya kreti la bia, amevaa joho la kuogea la baba yake, na nyuma yake televisheni ilikuwa ikionyesha tangazo la kweli la amani, linalosomwa kila mwaka mjini Turku, Ufini. Alipoinama kwa heshima ubao wa kreti ukakatika, akatua sakafuni kwa makalio. Mdogo wake Sorcha, wa miaka saba, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Hakuna aliyejua kwamba mtangazaji mwenyewe alikuwa ameshaivunja amani hiyo saa nzima kabla haijatangazwa.

Kila mkesha wa Krismasi mama yao, Päivikki, alipika uji mzito wa mchele na maziwa kama ulivyopikwa kwao Ufini, katika mji wa Pori, na humo hufichwa lozi moja tu. Atakayelipata, bahati ya mwaka ujao ni yake. Upande wa baba yao, Fiachra, ulikuwa wa keki na mshumaa wa dirishani, na kwa ajili ya keki hiyo alikuwa amesaga malozi yote ya nyumba isipokuwa moja. Saa tatu Eero alipopita jikoni alilikuta limelala peke yake kwenye bakuli lenye ukingo wa buluu, kando ya sufuria. Akadhani Mama amelisahau hapo kabla ya kulitumbukiza. Akalitafuna. Alitaka watu wazima wamalize sufuria nzima wakitafuta kitu kisichokuwepo, kisha waanze kushutumiana nani amekimeza. Shuleni, bwenini kwao, mzaha kama huo ungempatia heshima ya muhula mzima.

Wakaketi mezani. Hapo ndipo Bibi Aune, mama yake Mama, alipoitoa ile barua iliyokaa nyuma ya saa ya ukutani tangu mwanzo wa Desemba, akailaza kando ya kijiko chake. Ilitoka hospitali. Walitaka kumpasua moyo mwezi Januari, na jibu lilitakiwa kabla ya wiki kwisha. Mama alikuwa amembembeleza, Baba naye pia, na kila mara Bibi aligeuza mazungumzo yakawa ya hali ya hewa.

"Nimechoka kufikiri," akasema sasa. "Lozi likinijia, nakwenda kupasuliwa. Lisiponijia, mniache na moyo wangu huu huu, na mtu asinisumbue tena."

Baba akajaribu kucheka. Akasema daktari huenda anajua zaidi kuliko lozi.

"Daktari mwenyewe mtoto mdogo," Bibi akajibu. "Lozi halijanidanganya hata siku moja. Mwaka uliopita nililipata, nyonga yangu ikapona. Mwaka niliofiwa na mume wangu nililipata, nikapata nguvu ya kuja huku kwenu."

Mama akaivuta sufuria karibu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alilichukua bakuli la ukingo wa buluu bila kulitazama ndani, akalijaza uji mpaka juu, akaliweka mbele ya mama yake.

Eero akalitazama lile bakuli. Kumbe lozi halikusahauliwa pale, liliwekwa makusudi ili Bibi alipate. Na bila shaka lilikuwa likiwekwa miaka yote hiyo.

Akainuka, akisema anafuata mdalasini. Kabatini alikuta zabibu kavu, maharage na kidonge cha kikohozi. Akalitazama harage kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili anavyopaswa kutazama harage, akalirudisha. Mezani Sorcha alikuwa akila bakuli la tatu, uso umempauka.

"Nikilipata nitamtilia Bibi kwenye kijiko," akamnong'oneza Eero aliporudi. "Usimwambie."

Bibi alikula polepole, akikibonyeza kila kijiko kwa ulimi. Eero alihesabu vijiko kumi na tisa. Cha ishirini kikakwaruza kitako cha bakuli.

Mama akatazama ndani ya lile bakuli tupu. Kisha akageuza kichwa taratibu, akamtazama mwanawe, na Eero akajua kuwa ameshajulikana. Lakini Mama hakuweza kufungua mdomo. Kumtaja aliyeliiba kungekuwa kumtaja aliyeliweka.

Baba akakwangua sufuria, akakwangua tena. Sorcha akaanza kulia bila sauti.

"Basi," Bibi akasema, akajifuta midomo. "Nimejibiwa. Nipeni kalamu."

Kalamu ilikuwa karibu na Eero. Akaifunika kwa kiganja.

"Bibi, ngoja kwanza. Nimelila mimi. Asubuhi, kabla ya tangazo."

Bibi alimtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Uji ulikuwa unachemka tangu alfajiri, mjukuu wangu. Ulilitoaje kwenye sufuria?"

Mama akafumba macho, vidole vimekaza kitambaa cha meza. Eero alitafuta uongo. Siku nyingine zote ulikuja wenyewe, hata uongo wa aina mbili tatu kwa pamoja, akabaki kuchagua. Sasa hapakuwa na hata mmoja.

"Halikuwa kwenye sufuria, Bibi," akasema. "Lilikuwa kwenye bakuli lako, limewekwa likungoje wewe. Nimelikuta hapo, nikalila. Lilikuwa tamu."