Nzi wa Manyoya ya Jogoo

Marehemu mume wangu, Sulle, alikuwa na kitendawili kimoja cha kunichokoza: "Nyumba moja, sufuria mbili, hazisalimiani." Jibu nililijua. Niliendelea tu kusonga ugali.

Sufuria kubwa ilikuwa yangu, ya jikoni. Ndogo ilikuwa yake, ya samaki, ilining'inia nje kwenye nguzo ya zizi. Mimi nimezaliwa Gehandu kwa watu wa ng'ombe, na nyumbani kwetu samaki alihesabiwa ndugu wa nyoka. Lakini Sulle alikulia karibu na Padre mmoja mzee wa Kizungu, aliyepanda samaki wa kwao katika bwawa lililo chini ya kijiji chetu, huku Mbulu. Samaki wenye mgongo wa kijani na mdomo mpana. Padre alimfundisha kuwavua kwa nzi wa bandia, chambo cha kutengeneza kwa mkono.

Jumapili baada ya misa Sulle aliketi kwenye kigoda chake, mimi nikaketi mbele yake nikimshikia koleo lililobana ndoano. Alipaka uzi nta ya nyuki. Akafunga nywele za mkia wa mbuzi ziwe mkia, akazungusha uzi kuwa tumbo, kisha unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu shingoni, mizunguko mitatu. Ukimtazama yule nzi ungemfukuza kwa mkono.

Uzi wa tumbo ulitoka wapi? Miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika sokoni Mbulu, nilinunua sweta la kijani. Mwaka haukuisha, likawa linaishia kitovuni.

"Baba Hilda, sweta langu linaliwa na nini?"

"Na samaki, mama. Wewe huwataki, wao wanakutaka."

Basi alipika nje peke yake, akala nje peke yake. Kila mara aliniita, "Njoo uonje kidogo tu." Kila mara nilisema, "Kesho." Alifariki mwaka mmoja kabla hatujaitwa watu wa Mkoa wa Manyara, nami nikabaki na hizo kesho zote.

Mwaka uliofuata, siku ya Ijumaa, wifi yangu Genoveva alikuja na habari.

"Wifi, Jumatatu bwawa linafunguliwa. Ukuta umepasuka, wanataka kuujenga upya. Maji yote yanakwenda kwenye mashamba ya vitunguu saumu."

"Na samaki?"

"Watakwenda na maji. Wewe yanakuhusu nini? Si ulikuwa unaziba pua?"

Alipoondoka nilichukua kopo la Sulle la kuwekea ndoano na nzi wake. Ndoano ilikuwa imebaki moja. Nzi hakuwepo hata mmoja.

Nikakaa mahali pangu, mbele ya kigoda chake, nikabana koleo katikati ya magoti, nikafumua kilichobaki cha sweta. Nzi wa kwanza akageuka kichwa chini. Nikamfungua. Wa pili unyoya ukalegea ukaanguka. Nilikuwa nimeitazama mikono ile miaka ishirini na sita, lakini nimeitazama kutoka ng'ambo. Kwangu kushoto kulikuwa kulia kwake. Nilijua kila kitu, kinyume.

Nikakitazama kigoda. Kwetu mke haketi kwenye kigoda cha mume, awe hai au amekufa. Tangu mazishi kilikuwa pale ukutani, mimi nakifuta vumbi tu.

Nikasema, "Hodi, Baba Hilda." Nikaketi.

Kilikuwa kimebonyea upande mmoja, alikokuwa akiegemea. Nikaegemea hapo hapo. Mikono ikapata njia yenyewe: mkia, tumbo, unyoya, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Nikakaza fundo kwa meno kama alivyofanya, na ladha ya nta ikaniingia mdomoni.

Jumamosi asubuhi nilishuka bwawani na mwanzi wake wa kuvulia. Genoveva alinifuata, anacheka njia nzima.

"Bibi mzima anakwenda kuwadanganya samaki kwa jogoo!"

Nilirusha, nzi akanasa kwenye sketi yangu. Genoveva akacheka mpaka akaketi chini. Nikarusha tena. Na tena. Jua lilikuwa limeshapanda nilipomwona nzi wangu amekaa juu ya maji, kimya, halafu maji yakafumbuka na hayupo.

"Vuta, wifi! Vuta!" Sasa ni yeye aliyepiga kelele.

Nilivuta. Alikuwa mmoja, si mkubwa, mgongo wa kijani kama sweta langu.

Nyumbani niliishusha sufuria ndogo kutoka kwenye nguzo, nikaiosha, nikaiingiza jikoni, nikaiweka kando ya ile kubwa. Chumvi, kitunguu, basi. Nilipakua sahani mbili. Moja niliiweka mbele ya kigoda.

Nikaonja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa tope, kwa nyoka, kwa chochote kile. Alikuwa mtamu. Mtamu sana, watoto wangu, na hilo ndilo lililoniliza. Angekuwa mbaya ningepumzika.

"Sufuria mbili," nikakiambia kigoda, "ni mimi na wewe. Leo zimesalimiana."

Nikala sahani yangu nikaimaliza. Kisha nikaivuta na yake, maana chakula hakitupwi, nikaila taratibu, mwiba kwa mwiba.