Kilio cha Nzovu Uwanjani Panda

Mama Émilienne, mjane wa watu, alifika uwanjani Panda, mjini Likasi, mapema, Biblia kwapani, akakaa mbele. Mwanawe Damas alikuwa mlinzi wa nzovu, wale tembo wa mbuga ya Upemba, na leo Mathieu, mjumbe wa bunge la mpito, alikuja kutafuta watu wa kumuunga mkono ili sheria inayowalinda tembo hao ifutwe. Ikifutwa, kila mwenye bunduki ataingia mbugani, na wa kwanza kukutana naye ni Damas.

"Fabriki imenyamaza, batoto banalala na njaa," alisema Mathieu. "Nyama inatembea mu pori, sheria inatukataza! Inueni mikono, niende Kinshasa niseme: Likasi wamekubali."

Watu wakameza mate. Mikono ikaanza kuamka.

Mathieu akaona mambo yanamnyookea, akajigamba kwa ukoo, kama wanavyofanya wakubwa wa kwetu: "Miye siko mugeni! Niko mwana wa Nzovu, mujukuu wa Nzovu!"

Hapo ndipo alipojikwaa. Émilienne alikuwa wa ukoo wa Majani, na Majani na Nzovu ni watani tangu enzi za nkambo, mababu zao: hutukanana bila kosa, na mmoja akifa, mwenzake ndiye humzika. Anayemkasirikia mtani hutozwa kuku mbele za watu.

"Bwana, unisamehe," Émilienne alinong'ona. Akampa jirani yake Bibiane Biblia, akavua kitambaa cha kichwa, akajitupa vumbini.

"Yooo! Nkambo ya Mathieu anakufa! Mujukuu anamuuza na ngozi yake! Yooo!"

"Mama, nyamaza, tuko mu mukutano!" alisihi Mathieu.

"Nyamaza weye! Sanduku iko wapi? Sisi Majani ndio tutamuzika. Nzovu muzima! Tutachimba shimo mpaka Kambove? Na nani hapa atakula maiti ya nkambo ya muheshimiwa? Ainue mukono!"

Mikono ikapotea kama vifaranga vilivyoona mwewe. Bibiane naye akaangua kilio, wamama wote wakafuata, wakilia huku mbavu zikiwauma kwa kicheko. Mathieu akafura, akamkumbuka yule kuku, akafungua kinywa kukaripia, kicheko kikamponyoka.

"Basi, nimeshindwa! Nkambo abaki muzima. Kinshasa sitasema kitu."

Akamwinua Émilienne mwenyewe, akaona mashavu yamelowa.

"Mutani, machozi hii ni ya kweli?"

"Mutoto yangu iko kule na banzovu."

Mathieu akamwokotea kitambaa chake. "Basi siku nitakufa, unililie vile vile."

Émilienne akapangusa uso, akachukua Biblia yake.

"Aa, ile siku nitacheka."